Gonjwa likirudi, biashara yako itasimama vipi

Kwanza jua uko wapi, maana korona ya 2020 hapa Kenya haikugonga watu sawa. Baa zilifungwa Machi, kafyu ikaanza tarehe 27 saa moja jioni mpaka kumi na moja asubuhi, muuza chipsi wa usiku masaa yake yote yakaenda hivyo, lakini mama mboga wa ploti akaendelea tu, watu wako nyumbani na lazima wale. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8. Hoteli kubwa nazo, watalii wakipotea, ule ukubwa wenyewe ndio unakuwa mzigo.

Sasa chukua daftari, andika pesa inayotoka hata siku hujauza kitu: kodi, stima, mfanyakazi, loni. Kodi ndio itakusumbua zaidi, so ongea na landilodi kabla hujachelewa, mwambie nusu tarehe hii na nusu ile, na mwandikiane hata kwa WhatsApp, maneno ya mdomo landilodi husahau haraka sana.

Seviwa namba za kastoma kwa simu leo, usingoje. Kinyozi aweza kwenda nyumbani kwa mtu na barakoa yake, wa nguo apige picha atume, boda apeleke kabla ya kafyu.

Kama uko Gikomba, soko la mitumba Nairobi, usitegemee bale pekee, mwaka ule mitumba ilizuiwa kuingia nchini mpaka Agosti. Ongeza sabuni, unga, vitu hivyo. Na loni ya simu usinunulie stoki ya kuoza kama nyanya.