Barafu ya kuranda ya Hawaii, nyumbani kwako

Seremala akipiga randa ubao, yanayodondoka ni maranda: membamba, mepesi, yamejikunja. Shave ice ya Hawaii (mji wa Hilo huigeuza jina na kuiita ice shave) ni maranda hayohayo, ila ya maji yaliyoganda. Haipondwi wala haisagwi. Barafu iliyopondwa ni punje, na punje hazishiki shira. Yote inateleza hadi chini ya kikombe, juu unabaki unatafuna barafu kavu. Maranda hunyonya shira na kukaa nayo.

Asili yake ni kakigori ya Japani, iliyofika Hawaii na vibarua wa Kijapani wa mashamba ya miwa. Ndiyo maana utakuta maharage matamu chini ya kikombe. Usistuke, tutayafikia.

Kifaa kimoja hakina mbadala: mashine ya kuranda barafu, ya mkono au ya umeme, yenye kisu kinachorekebishwa. Blenda itakupa punje tu, hata uikimbize vipi.

Hatua ya 1: Gandisha mabonge, siku moja kabla

Jaza maji ya kunywa kwenye vikombe vilivyokuja na mashine. Bakiza sentimita 1 juu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yape saa 24. Baada ya saa 8 juu patakuwa pagumu, lakini katikati huenda bado ni maji, na bonge la namna hiyo hupasukia ndani ya mashine.

Hatua ya 2: Pika shira

Sukari gramu 400, maji mililita 480. Chemsha huku ukikoroga. Sukari ikiyeyuka yote na maji yakawa angavu, hesabu dakika 1, zima. Usiipike kama shira ya kaimati. Ile nzito ikikutana na barafu huganda juu kama gundi na haishuki. Ukipunguza sukari sana nako, unamwaga maji tu, na kilima cha barafu kinanywea papo hapo.

Ladha za Hawaii nyingi ziko sokoni kwako: pasheni (kwao lilikoi), pera, nanasi, nazi. Kwa pasheni, kamua zilizoiva za kutosha upate mililita 200 za juisi, chuja mbegu, kisha changanya na mililita 300 za shira iliyokwisha kupoa. Juisi isiguse moto. Harufu ya pasheni huondoka na mvuke. Onja: iwe tamu kupita unavyopenda, maana ulimi ukiwa baridi hauhisi utamu vizuri.

Weka kwenye friji angalau saa 4. Shira vuguvugu huchimba shimo katikati ya kilima na kukiangusha.

Hatua ya 3: Maharage (si lazima)

Ya asili ni azuki; ukikosa, tumia maharage mekundu madogo. Chukua gramu 200, chemsha dakika 5, mwaga maji hayo, weka mapya na upike mpaka yabonyee kwa vidole bila nguvu. Hapo ndipo unatia sukari gramu 150 na chumvi kidogo, unaendelea dakika 10. Ukitia sukari mapema maganda hukakamaa na hayataiva tena vizuri. Yapoze kabisa.

Hatua ya 4: Acha barafu itoke jasho

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kisha wanalaumu mashine. Barafu inayotoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni kavu na hupasuka kama kioo: kisu kikiigusa inavunjika badala ya kukatika, na unapata mchanga.

Toa bonge, liweke kwenye sahani. Mwanzoni uso wake ni mweupe wa vumbi na hunata kidoleni. Subiri mpaka weupe uondoke, uso ulowe na ung'ae. Jiko lenye joto la nyuzi 30 ni dakika 5 hivi. Chumba cha baridi ni hadi 15. Fuata macho, usifuate saa. Usilimwagie maji kuharakisha, litajaa nyufa. Ukilisahau, maranda yatatoka mazito na kuganda kwenye kisu. Lirudishe friza kidogo.

Hatua ya 5: Randa

Anza na kisu kikiwa kimeingia ndani kabisa, kisha kitokeze kidogo kidogo mpaka yaanze kudondoka maranda yanayoyeyuka ulimini kabla hujatafuna. Mashine ikiruka au mota ikikwama, kisu kimetokeza mno. Ikitoa unga na kelele nyingi ilhali barafu imetoka jasho vizuri, kisu ni butu. Bonge sukuma kwa kishikio chake, kamwe si kwa vidole.

Hatua ya 6: Panga

Bakuli liwe limekaa kwenye friza. Chini weka kijiko kikubwa cha aiskrimu ya vanila au maharage, au vyote. Kinga maranda huku ukizungusha bakuli, usishindilie. Likifika nusu, mimina mililita 30 za shira. Endelea hadi kilima, kiviringe kwa viganja vyepesi, mimina 50 nyingine taratibu kutoka juu. Ukitaka upinde wa mvua, kila rangi upande wake.

Kofia ya theluji, kama wanavyoiita, ni maziwa mazito matamu ya kopo. Yalivyo koponi hukaa juu kama donge. Vijiko 4 vya chakula vilainishe kwa vijiko 2 vya maziwa ya kawaida.

Maranda yaliyobaki usiyagandishe tena, yatashikana kuwa jiwe. Kipande cha bonge kinarudi friza bila shida, na kesho nacho kitatakiwa kutoka jasho upya. Kisu kifute kikauke kabla hujakifungia.