Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: kokotoa umbali na muda mwenyewe

Shika kalamu na karatasi. Hesabu hii ni nyepesi, na ukishaimudu utaweza kupima safari yoyote ya ndege hapa Kenya.

Kwanza, jua viwanja viko wapi. Uwanja wa Kisumu uko dakika 5 kusini mwa ikweta, longitudo digrii 34 dakika 44 mashariki. Jomo Kenyatta uko digrii 1 dakika 19 kusini, digrii 36 dakika 56 mashariki. Hizi si dakika za saa. Digrii moja ina dakika 60.

Pili, toa. Kwenda kusini ni 79 toa 5, yaani 74. Kwenda mashariki ni digrii 2 na dakika 12, yaani 132.

Tatu, na hapa ndipo sisi wa ikweta tuna bahati. Kule Ulaya mistari ya longitudo imekaribiana, kwa hiyo lazima uingize kosini (kipimo cha hesabu kinachopunguza umbali wa mashariki). Kwetu kila dakika ni maili moja ya baharini, uende kusini au mashariki, na maili hiyo ni kilomita 1.852. Ndege hukata mshazari kati ya kusini na mashariki, basi tumia kanuni ya pembetatu mraba: 74 mara 74 ni 5,476, na 132 mara 132 ni 17,424. Jumla 22,900. Kipeuo chake cha pili ni kama 151. Zidisha kwa 1.852: kilomita 280.

Nne, muda. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 ikishatulia angani hukimbia takriban kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo kilomita 280 ni dakika 34. Usiishie hapo! Ndege hutambaa kwanza hadi kwenye njia ya kurukia, hupanda polepole ili kuivuka milima ya Mau, kisha hupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Ongeza dakika 15 hadi 20. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, ndiyo maana unazidi ule wa hewani.

Sasa maswali yenu.

Mwalimu, Kisumu na Eldoret nimepata kilomita 66, lakini ramani inasema 77. Nimekosea wapi?

Umetoa mahali pa kujumlisha. Eldoret iko dakika 24 kaskazini mwa ikweta na Kisumu dakika 5 kusini; mstari ule unaopita Maseno uko kati yao. Kwa hiyo ni 29, si 19. Upande wa longitudo ni 30. Rudia, utaipata 77.

Mama anatoka Mombasa moja kwa moja. Nitoke Ahero saa ngapi kumpokea?

Tofauti ni dakika 237 na 292, karibu kilomita 697. Ukiweka muda wa kupaa na kutua, ni kama saa moja na dakika 40. Ila uwanja uko ng'ambo ya mji, barabara ya Busia, na utalazimika kulivuka jiji zima. Mama akikupigia kwamba anapanda ndege, anza kujitayarisha.

Je, Wilson, ule uwanja mwingine wa Nairobi, ni karibu zaidi na Kisumu?

Kwa kilomita 11 hivi tu. Angalia herufi kwenye tiketi: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Mtumie anayekupokea herufi hizo kabla hujasafiri, maana kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kwa gari jioni kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.