Jinsi ya kumtafuta bibi Mloyalisti aliyefunikwa na jina la mumewe

Mama mkwe wangu ana mkebe wa biskuti wenye picha ya Malkia Elizabeth, na ndani yake kuna karatasi ya ukoo iliyoandikwa kwa wino na baba yake mdogo. Wanaume wote wamo: jina, cheo cha jeshi, ekari walizopewa. Pembeni ya yule wa kwanza kabisa kuja Kanada pameandikwa maneno mawili tu, "na mkewe". Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kwetu mwanamke haachi jina la baba yake kwa kuolewa. Ni Fulani binti Fulani hadi siku ya kuzikwa. Nilipoyaona maneno yale nilijua watoto wangu, ambao ni wajukuu wa mama huyu, hawawezi kurithi karatasi yenye bibi asiye na jina. Nilimtafuta miaka miwili, na nilimpata. Naandika hapa njia niliyopita, maana Waswahili tuliooa na kuolewa huku Ontario tumekuwa wengi, na watoto wanauliza.

Waloyalisti ni wale watu wa makoloni ya Marekani waliobaki upande wa Mfalme George wa Tatu katika vita ya uhuru wa Marekani, ya 1775 hadi 1783. Waliposhindwa wakawa wakimbizi. Bibi yetu alikuja na kundi la Peter Van Alstine: waliondoka New York kwa meli mwaka 1783, wakapitisha msimu wa baridi Sorel, Quebec, kisha wakashuka pwani ya Adolphustown, Ghuba ya Quinte, tarehe 16 Juni 1784. Mahali hapo leo pana mnara wa mawe uliosimamishwa mwaka 1884, na makaburi.

Anza na walio hai na urudi nyuma kizazi kwa kizazi, kila kiungo na karatasi yake. Usirukie bibi wa mwanzo kwa sababu jina la ukoo linafanana. Ontario ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1869, kwa hiyo hadi hapo kazi ni nyepesi. Kabla ya hapo shika sensa ya 1851, ambayo kwa kweli ilihesabiwa Januari 1852: inataja kila mtu kwa jina na mahali alipozaliwa. Umri ulioandikwa humo ni ule ambao mtu angetimiza siku yake ya kuzaliwa inayofuata, basi punguza mwaka mmoja. Makaburini beba brashi laini na maji, usikwangue jiwe kwa kisu. Ukiona mwanamke ameitwa "relict" wa fulani, alikufa akiwa mjane. "Consort" maana yake mume alikuwa hai bado. Neno hilo moja linakuambia uitafute hati ya kifo cha mume kabla au baada.

Sasa tuingie kwenye hazina yenyewe. Tarehe 9 Novemba 1789, Gavana Lord Dorchester na baraza lake waliamuru kwamba watoto wa Waloyalisti wapewe ekari 200 kila mmoja: wa kiume akifika miaka 21, na wa kike akifika miaka 21 au akiolewa. Soma tena hapo: wa kike. Sheria ya Kiingereza ya wakati ule ilimfanya mke aishi chini ya kivuli cha mume. Mali ikasimamiwa na mume, na jina likapotea. Lakini ili apate ekari zake, binti ilimbidi aandike ombi kwa jina lake mwenyewe, athibitishe baba yake ni nani, na ataje mume wake. Yaani alijieleza vilevile tunavyojieleza sisi: binti wa fulani, mke wa fulani.

Maombi haya yanaitwa Maombi ya Ardhi ya Kanada ya Juu (Ontario ya zamani), na yako Maktaba na Nyaraka za Kanada, Ottawa, katika fungu RG 1 L3. Faharasa ya majina na picha za mikrofilamu zinapatikana mtandaoni bila malipo. Tafuta kwanza kwa jina la ukoo la mume, kwa sababu makarani waliyapanga maombi kwa jina alilokuwa nalo mwombaji siku ile. Usipompata, tafuta la baba. Kisha jaribu kila namna ambayo sikio la karani wa Kiingereza lingeweza kuliharibu jina la Kidachi (yaani la Kiholanzi) au la Kijerumani: Van iliyodondoka, C badala ya K, herufi iliyorudiwa. Ukiona herufi DUE karibu na jina, furahi. Ni binti wa Mloyalisti. SUE ni mwana wa kiume.

Nilipompata wa kwetu ilikuwa saa nne usiku, watoto wamelala. Karatasi moja, mwandiko wa karani, mistari imepanda upande wa kulia kama mtu aliyeandikia magoti. Anaeleza kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mke wa fulani, mkulima wa kata ya Adolphustown, na binti wa fulani, Mloyalisti. Kwamba hajawahi kupewa ardhi yoyote ya Mfalme. Kwamba anaomba ekari 200. Chini, karani ameandika jina lake kwa kuligawa pande mbili, na katikati yake pana X. Mstari mmoja wa X ile ni mzito, na wino umetawanyika pale kalamu ilipokwama. Hakujua kuandika, lakini mkono ni wake. Nilikuza picha ile kwenye skrini nikaitazama muda mrefu sana.

Geuza ukurasa kila mara. Nyuma ya ombi huwa pameandikwa uamuzi wa baraza na tarehe yake, na mara nyingi pamoja na ombi kuna cheti cha mahakimu wa wilaya kinachothibitisha kwamba mwombaji ndiye kweli. Cheti hicho kinaweza kukupa mji aliokwenda kuapa. Jambo moja la kuangalia: usidhani aliishi kwenye ekari alizopewa. Mara nyingi zilikuwa mbali, katika kata za ndani zenye msitu mtupu, na wengi waliuza haki yao kwa wafanyabiashara wa ardhi bila hata kuliona shamba.

Sasa kosa langu, ili lisikupate. Miezi minane nilimfuata mwanamke mwingine. Jina lake la kwanza lilikuwa lilelile, jina la baba lilelile, kata ileile. Walikuwa watoto wa mtu na kaka yake. Wadachi wa bonde la mto Hudson walikuwa na desturi ya kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao, kwa hiyo ndugu watano wanaweza kuwa na mabinti watano wa jina moja, wote somo wa bibi mmoja. Kilichowatenganisha ni waume zao na wasimamizi wa ubatizo wa watoto wao. Tangu siku hiyo huandika karatasi ya kila mwenye jina hilo, hata asiyenihusu, mpaka niwatenge wote.

Kwa ndoa na ubatizo, mjue mchungaji John Langhorn wa Kanisa la Anglikana, aliyefika mwaka 1787 akahudumia kata jirani za Ernestown na Fredericksburgh hadi 1813. Daftari zake zimehifadhiwa vizuri na zimechapishwa. Usiseme "sisi tulikuwa Wamethodisti" ukaziruka. Wamethodisti wa Adolphustown walijenga kanisa lao la Hay Bay mwaka 1792, lakini wachungaji wao hawakuruhusiwa kisheria kufungisha ndoa hadi 1831. Wengi walikwenda kuozwa kwa Waanglikana, kisha wakarudi kusali kwao.

Ukishajua jina la baba, vuka mpaka uingie jimbo la New York. Hapa mtafiti Mswahili atajisikia nyumbani, kwa sababu daftari za ubatizo za Kanisa la Kidachi la Marekebisho, kule Albany, Kinderhook na Schoharie, humwandika mama kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, sio la mume. Ubatizo wa mtoto mmoja unaweza kukupa bibi mzaa bibi. Jizoeze majina ya nyumbani: Tryntje ni Catharina, Grietje ni Margaret, Jannetje ni Jane, Annatje ni Anna. Ni kama sisi tunavyojua kwamba Esha na Asha wote ni Aisha.

Orodha za posho za 1784, yaani chakula walichogawiwa wakimbizi, zitakupa idadi tu: wanaume, wanawake, watoto wa zaidi ya miaka 10 na wa chini yake, wote chini ya jina la mkuu wa nyumba. Namba 1 kwenye safu ya wanawake ndiyo yeye. Ichukue, kwa sababu ikilinganishwa na umri wa watoto inakuambia nani alizaliwa kabla ya safari. Kumbuka pia kata zilikuwa na namba kabla ya majina: Mji wa Kwanza ni Kingston, wa Pili Ernestown, wa Tatu Fredericksburgh, wa Nne Adolphustown, wa Tano Marysburgh.

Kama mume alikufa vitani, tafuta madai ya fidia, mafungu ya AO 12 na AO 13 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Wajane walieleza huko walichonyang'anywa hadi ng'ombe na vitanda. Na kama familia ilitoka jimbo la New York, soma kumbukumbu zilizochapishwa za kamati ya Albany iliyowawinda wenye njama za kumsaidia Mfalme, za 1778 hadi 1781. Mwaka 1780 jimbo lilipitisha sheria ya kuwaondoa wake na watoto wa wanaume waliojiunga na adui, na wanawake walikwenda mbele ya makamishna. Ni majina yao wenyewe mle.

Wosia nimeuacha mwisho kwa sababu ndio uliokuwa mzito kwangu. Huku mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mume maisha yake yote, ndiyo maana hati za mauzo zina jina la mke anayeachia theluthi hiyo. Sisi tuliozoea hesabu ya thumni ya mjane katika mirathi ya Kiislamu tunaielewa upesi. Wosia wa baba mkwe wa bibi yetu unagawa farasi, sahani, kitanda cha manyoya, halafu, katika mstari uleule, msichana mweusi mwenye jina moja tu. Sheria ya Kanada ya Juu ya 1793 ilizuia kuingiza watumwa wapya, lakini waliokuwepo haikuwaacha huru, na watoto wao waliozaliwa baadaye walingoja hadi miaka 25. Watoto wangu ni wajukuu wa nyumba ile, na mama yao ni Mwafrika. Nimemwandika msichana huyo kwenye karatasi ya ukoo, mahali pa nyumba, kwa jina lake.

Wako pia wanawake weusi waliokuwa Waloyalisti wenyewe. Ukimtafuta mmoja wao, anza na daftari la New York la 1783 liitwalo Kitabu cha Weusi (Book of Negroes), lenye watu wapatao 3,000: jina, umri, meli, na aliyekuwa akimmiliki. Humo yumo Deborah, miaka 20, aliyemtoroka Jenerali Washington miaka minne hivi kabla, akapanda meli ya kwenda Port Roseway, Nova Scotia.

Yule wa wosia wetu bado sijampata. Orodha za posho zina safu ya watumishi, na daftari za Langhorn zina ubatizo wa watu weusi. Nimeshapitia hadi 1795, na Jumamosi naendelea na mwaka unaofuata. Karatasi mpya ya ukoo iko ndani ya mkebe wa mama mkwe, na pale palipoandikwa "na mkewe" pana jina kamili, na jina la baba yake, na la mama yake.