Kupima makosa ya ubashiri wa matawi bila kupotoshwa na kompaila

Prosesa haingoji sharti la `if` lijulikane. Inabashiri njia na kusonga mbele. Ikikosea, hutupa kazi iliyokwisha kuanza, hasara ya mapigo 10 hadi 20 hivi ya saa ya prosesa kwa prosesa nyingi za leo. Amri ya `perf` kwenye Linux huhesabu makosa hayo, ila huhesabu matawi (maagizo ya kuruka) ya asembli, yaani ya maagizo ya mashine ambayo kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, imeyatoa, si `if` ulizoandika wewe.

Hatua ya 1. Jaza safu kwa uzito wa magunia ya maharagi, tuseme ya soko la Kadutu, Bukavu: namba 1,000,000 za nasibu, 0 hadi 99.

```
for (i = 0; i < n; i++)
    if (kilo[i] >= 50) jumla += kilo[i];
```

Safu ikiwa ndogo na ukairudia, prosesa itakariri mpangilio wake. Chapisha `jumla` mwishoni, la sivyo kompaila itakifuta kitanzi chote kwa kuwa hakina faida.

Hatua ya 2. Kompaili kwa `gcc -O0` (bila uboreshaji), kisha kwa `gcc -O3` (uboreshaji mkubwa), upime zote mbili:

`perf stat -e branches:u,branch-misses:u ./pima`

Kwa `-O0` makosa ni mengi. Kwa `-O3` karibu yote yametoweka, na hapo ndipo wengi husifu prosesa bure.

Hatua ya 3. Endesha `objdump -d pima`, inayoonyesha asembli ya programu. Ukiona `cmov` (agizo la kuchagua thamani bila kuruka), au rejista za `xmm` (za kuhesabu namba kadhaa kwa pamoja) ndani ya kitanzi, tawi halipo tena: kompaila imeligeuza kuwa hesabu. Hakuna kilichobashiriwa vizuri. Hakukuwa na cha kubashiri.

Hatua ya 4. Usiiamini asilimia. Kitanzi kina matawi mawili kwa kila gunia: `if` na la kurudi mwanzo. Makosa 500,000 kwa matawi 2,000,000 ni 25%. Kompaila ikikunjua kitanzi mara nne (magunia manne kwa kila mzunguko), matawi yanabaki 1,250,000, makosa ni yaleyale, na sasa unasoma 40%! Programu haijaharibika, kigawanyo ndicho kimepungua. Mimi hugawa makosa kwa idadi ya magunia.

Hatua ya 5. Ukitaka kulichunguza tawi lenyewe, ongeza kwenye `-O2` chaguo hizi za kuizuia kompaila isiligeuze:

`-fno-if-conversion -fno-if-conversion2 -fno-tree-vectorize`

Rudia `objdump` kuhakikisha limebaki. Lakini kama wateja watapewa `-O3`, pima `-O3`.

Seva za kukodi mara nyingi hazitoi vihesabio vya prosesa ambavyo `perf` husoma. Tumia kompyuta yako. Umeme wa Bukavu ukikatika katikati ya kipimo, sekunde zinaweza kuongezeka kwa kuwa betri hupunguza mwendo wa prosesa, ila idadi ya makosa haitahama sana.