Kuwatetea askari wa zamani na familia za wanajeshi kupitia chama chao cha jimbo (si chama cha siasa), Marekani

Malalamiko mengi ya askari wa zamani hukwama kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Fidia ya ulemavu, matibabu katika hospitali za VA (idara ya taifa ya askari wa zamani) na malipo ya masomo ya GI Bill ni mambo ya Congress, bunge la taifa; mbunge wa jimbo, hata awe na nia njema kiasi gani, hana la kufanya hapo. Yeye ana mkono kwenye kodi ya mali inayotozwa nyumba ya aliyelemaa kazini, kodi ya jimbo kwenye pensheni ya jeshi, ada ya vyuo vya umma kwa askari wa National Guard (jeshi la akiba la kila jimbo), na nyumba za kuwatunzia askari wazee. Kwa hiyo lalamiko likifika, lipangeni kwanza. La jimbo linabaki kwenu. La Washington lipitishwe kama azimio kwenye mkutano mkuu wa jimbo ili lipande hadi chama cha taifa, kama wanavyofanya American Legion na VFW, vyama vikubwa vya askari wa zamani.

Panapochanganya watu zaidi ni National Guard. Muulizeni askari: amri iliyokuita kazini imeandikwa chini ya sheria gani? Kama karatasi hiyo hamjaiona, msiandike barua yoyote. Title 10 na Title 32 ni sehemu za sheria za taifa. Title 10 ni kazi ya serikali ya taifa chini ya rais. Title 32, gavana anaongoza na Washington inalipa. State Active Duty, gavana anaita, jimbo linalipa, na siku hizo hazihesabiwi kwenye GI Bill. Askari wawili wanaweza kubeba magunia ya mchanga kwenye mafuriko yale yale na kuumia mgongo saa ile ile, lakini wa Title 32 ana njia ya kudai kwa serikali ya taifa, na mwenzake wa State Active Duty anategemea utaratibu wa fidia wa jimbo.

Hapo ndipo chama cha jimbo kina kazi ya kufanya. Chukueni USERRA, sheria ya 1994 inayolinda ajira ya aliyeitwa jeshini. Tangu Januari 2021 inagusa pia State Active Duty, ila iwe siku 14 au zaidi, au iwe ni kuitikia dharura ya taifa au janga kubwa lililotangazwa na rais. Aliyeitwa siku 9 kwa dhoruba ambayo rais hakuitangaza amebaki na sheria ya jimbo lake tu. Isomeni neno kwa neno. Tundu la kutafuta kwanza ni la askari anayefanya kazi jimbo moja huku akitumikia National Guard ya jimbo jirani.

Azimio la chama liandikwe kwa namna inayoweza kugeuka mswada. "Bunge liwaheshimu askari wetu" litapigiwa makofi na kusahauliwa. "Katika kifungu cha ulinzi wa ajira, penye maneno 'National Guard ya jimbo hili' pasomeke 'National Guard ya jimbo lolote'" linaweza kwenda moja kwa moja kwa mwandishi wa miswada. Ukurasa mmoja unatosha: nani anaumia, kifungu kipi, maneno gani yabadilike, nani atalipa.

Hilo la nani atalipa ndilo huua miswada mingi, tena kimyakimya, kwenye kamati ya fedha. Msamaha wa kodi ya mali kwenye nyumba hupunguza mapato ya kaunti na shule. Nendeni mkazungumze nao kabla ya mswada kuwasilishwa, msije mkakutana nao mara ya kwanza wakiwa upande wa wapinzani.

Kalenda haisubiri mtu. Bunge la Texas hukutana kikao cha kawaida miaka ya namba witiri tu, siku zisizozidi 140 kuanzia Januari. Montana, Nevada na North Dakota nako ni mwaka mmoja ndani ya miwili. Florida ni siku 60. Mwenye kubeba mswada apatikane kabla ya Krismasi, na ikiwezekana awe ndani ya kamati itakayousikiliza. Mbunge aliyewahi kuwa askari anavutia, lakini kama hayumo kwenye kamati, mwenyekiti wa kamati hiyo ana faida zaidi.

Siku ya kutoa maoni, pelekeni mashahidi wawili, si kumi. Andaeni dakika mbili kila mmoja, maana muda hukatwa bila taarifa: jina, mji, namba ya mswada, kilichotokea, ombi. Askari aliye kazini anayesema kwa nafsi yake asivae sare wala asijitambulishe kama msemaji wa jeshi. Mwenza wake habanwi na kanuni hizo, na mara nyingi ndiye shahidi bora, kwa kuwa ndiye aliyepokea simu ya mwajiri.

Kagueni pia hadhi ya chama mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya taifa. Chama cha 501(c)(3), yaani cha hisani, kinaruhusiwa kushawishi wabunge kwa kiasi. Kikijaza Fomu 5768 kinapata kipimo cha namba, asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi ya shughuli zake, kisha viwango vinashuka. Hakiruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea. Chama cha askari wa zamani cha 501(c)(19) hakibanwi na kipimo hicho. Sheria za kusajili washawishi ni za kila jimbo.

Akija mtu na dai lake binafsi la VA, msilijaze wenyewe kama hamna kibali cha VA. Mwelekezeni kwa ofisa wa huduma mwenye kibali, wasaini Fomu 21-22 ya kumteua mwakilishi. Siku hiyo hiyo apeleke Fomu 21-0966: inamshikia tarehe ya dai kwa mwaka mmoja wakati anatafuta DD 214 (cheti cha kutoka jeshini) na rekodi za hospitali. Dai la kwanza halilipiwi. Anayeomba asilimia ya fidia kwa kulitayarisha, mkimbieni.