Somo: Kupanga mtandao wa taasisi kwa matabaka, kuanzia ghorofani hadi chumba cha seva

Wakuu, kama mtandao wa chuo au hospitali nzima unazimika kwa sababu mtu kachomeka kebo moja pande zote mbili kwenye swichi, msimlaumu huyo mtu. Mtandao wenu haujagawanywa.

Hatua ya 1: Ghorofa. Kebo ya shaba ya Etaneti mwisho wake ni mita 100, kwa hiyo kwa kawaida kila ghorofa huwa na kabati lake la swichi. Hili ni tabaka la ufikiaji: kompyuta, kamera, simu za mezani, Wi-Fi. Tenga VLAN (mitandao pepe iliyotengwa ndani ya swichi zile zile) za wahasibu, wageni na kamera. Washa BPDU Guard kwenye poti za watumiaji, ili poti ikipokea ujumbe wa STP (itifaki ambayo swichi hutumia kuzuia mizunguko) ijifunge yenyewe.

Hatua ya 2: Jengo. Weka swichi mbili za usambazaji zenye uwezo wa kuelekeza pakiti kama ruta, na kila kabati lifike kwa zote mbili kwa faiba. Hapa ndipo VLAN ziishie, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Fremu ya Etaneti (kifurushi cha data kinachopita kwenye swichi) haina kikomo cha kuzunguka. Ikipata duara itazunguka na kuzaliana hadi swichi zielemewe. STP, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, huzuia hilo kwa kufunga njia moja, maana yake umelipia faiba mbili unatumia moja. Pakiti ya IP ina TTL (hesabu inayopungua kila inapovuka ruta), ikifika sifuri hufa yenyewe. Kuanzia hapa kwenda juu tumia OSPF (itifaki ya ruta ya kutafuta njia), njia zote mbili zifanye kazi, na balaa la jengo moja libaki humo.

Hatua ya 3: Kiini, yaani swichi zinazounganisha majengo. Kazi yake ni kasi tu. Vichujio vya trafiki viache chini. Majengo 6 yenye swichi mbili mbili, ukiunganisha kila swichi na kila nyingine, ni viungo 66. Ukiweka swichi mbili za kiini, ni 24 na kimoja kati yao.

Hatua ya 4: Chumba cha seva. Huku seva huongea zaidi zenyewe kwa zenyewe kuliko na watumiaji, hivyo tunatumia mpangilio wa Charles Clos wa Bell Labs, 1953, uliobuniwa kwa ajili ya simu. Swichi ya kila kabati huunganishwa na kila swichi ya mgongo (zile za juu zinazounganisha makabati), na za makabati haziunganishwi zenyewe. Piga hesabu: poti 48 za seva za gigabiti 25 ni 1,200, kwenda juu 6 za 100 ni 600. Uwiano ni 2 kwa 1, yaani seva zinaweza kusukuma mara mbili ya kinachoweza kwenda juu.

MASWALI

Mkuu, sisi tuna jengo moja tu. Kiini kinahitajika?
Hapana. Swichi mbili za usambazaji ndizo ziwe kiini. Fedha inayobaki nunua UPS, kila swichi na yake.

Seva pepe ikihamia kabati lingine na IP ile ile, itakuwaje kama VLAN inaishia kwenye kabati?
Tumia VXLAN (waraka wa kiufundi RFC 7348, 2014). Fremu inafungwa ndani ya pakiti ya IP. VLAN zinaishia 4,094. Kwenye VXLAN kuna namba kama milioni 16.

Faiba zetu mbili zimepita mtaro mmoja. Kuna shida, kaka?
Kubwa, ndugu yangu. Katapila likichimba hapo, zote zinakatika pamoja. Omba njia ya pili upande mwingine wa jengo kabla hujaomba swichi mpya.