SHA: jinsi ya kujisajili, na kujua mapema italipa nini

"SHA inafanya kazi?" Hilo ndilo swali tunaloulizana hapa Kenya kuhusu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, na kila mtu ana jibu lake. Swali lenye faida ni jingine: inafanya kazi wapi, kwa matibabu gani, na hadi shilingi ngapi?

Anza na simu. Piga *147#, au fungua tovuti ya Afya Yangu kama una bando, uweke nambari ya kitambulisho. Tumia laini yako mwenyewe, si ya shemeji, kwa maana ujumbe wa kuthibitisha utaenda huko. Ukimaliza, ongeza mke au mume, halafu watoto. Baba na mama hawaingii kwako hata kama wewe ndiwe unayewalisha: wao ni kaya yao, wanajisajili na kuchanga kivyao. Namjua mtu anayekatwa kila mwezi aliyempeleka mamake hospitali akiwa ametulia kabisa, jioni akawa anatafuta mkopo.

Ukiwa umeajiriwa, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hakuna kikomo cha juu. Kukatwa lakini si kulipiwa. Angalia mwenyewe kama mchango wa mwezi umefika, maana mwajiri akichelewesha, kwenye dirisha la hospitali wewe ndiwe utaonekana hujalipa.

Kama huna mwajiri, utajibu maswali ya kupima uwezo wako: paa la nyumba, ukuta, choo, maji unachota wapi, unapikia nini. Ni maswali ya kuchungulia jikoni kwa mtu, ila jibu ukweli. Ndiyo yanayotoa kiasi chako, ambacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na ni cha mwaka mzima mara moja. Asiye na pesa hizo kwa mkupuo aulizie Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kukopa mchango na kuulipa kidogo kidogo.

Sasa sehemu inayowachanganya wengi. Mifuko ni mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaolipia dispensari na vituo vya afya, viwango vya 2 na 3. Homa ya mtoto, malaria, kidonda: hapo inatosha kuwa umesajiliwa, mchango hauulizwi. Wa pili ni bima yenyewe, ya hospitali za kiwango cha 4 hadi 6: kulazwa, upasuaji, kujifungua. Huu unamtaka aliyelipa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoendelea pale bima inapofika ukomo, kwa mfano kwa mgonjwa wa saratani.

Hata uliyelipa, bima haisemi "tutalipa bili". Inasema "tutalipa kiasi hiki". Kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000. Dada yangu alijifungulia hospitali ya kibinafsi, kwa upasuaji. Karani akageuza kioo cha kompyuta tukaona: jumla 82,000, SHA 30,000, baki 52,000. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza tu, na mtoto alilala wodini siku mbili zaidi tukichangisha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hospitali ya umma tofauti hiyo huwa ndogo, mara nyingine haipo kabisa.

Kulazwa pia kuna ukomo: siku 180 kwa mwaka, kwa kaya nzima, si kwa kila mmoja. Upasuaji wa kujipamba usiutarajie.

Kwa hiyo kabla ya matibabu yaliyopangwa, nenda kwenye dawati la SHA la hospitali yenyewe, na kitambulisho mkononi. Muulize karani kama hospitali ina mkataba na SHA kwa huduma hiyo hasa, maana mkataba wa kulaza wagonjwa haumaanishi wanaweza kulipwa kwa kila kitu. Muulize ni kiasi gani SHA italipa na wewe utaongeza ngapi. Kisha uliza kama huduma inahitaji idhini ya awali, yaani SHA ikubali kabla hujatibiwa. Ikihitaji, hospitali ndiyo inayoiomba, na usikubali kuingizwa chumba cha upasuaji kwa ahadi ya "itakuja tu", isipokuwa ni dharura.

Siku ya kuruhusiwa, omba bili yenye mchanganuo kabla ya kuweka sahihi au alama ya kidole kuthibitisha madai ambayo hospitali inapeleka SHA. Angalia siku ulizolala, dawa ulizopewa, na kama kile kiasi cha SHA kimeondolewa. Kama hakimo, bado uko kwenye dirisha na karani yuko mbele yako. Ukishafika stendi ya matatu, kazi ni kubwa zaidi.